Dawa Inayotaka Mgonjwa Aseme

Vestine wa Gisenyi alikuwa mchuuzi wa maparachichi. Kila asubuhi alivuka mpaka wa Rwanda na Kongo pale Petite Barrière, kikapu kichwani, kwenda kuuza Goma. Maparachichi huchubuka upesi, kwa hiyo alitandika majani makavu ya mgomba ndani ya kikapu kabla ya kuyapanga. Mumewe, Kadiri, alikuwa fundi cherehani. Majirani waliwaita Mama Diane na Baba Diane, kwa jina la binti yao.

Vestine alisifiwa kwa jambo moja: hakulalamika. Alijifungua Diane bila kutoa hata mguno, na mama mkwe wake alilisimulia hilo mtaa mzima. Kwetu mtu wa namna hiyo huitwa mwenye adabu. Lakini siku moja ya mwaka 1999, sifa hiyo nusura imuue.

Asubuhi hiyo aliingiza mkono kwenye rundo la majani nyuma ya nyumba. Kitu kikamchoma. Nyoka mweusi, mrefu, mwenye shingo pana, akateleza na kupotelea kwenye migomba.

"Baba Diane," aliita, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Nyoka imeniuma."

Kadiri aliruka, karibu aangushe cherehani, akapiga yowe. Jirani yao Mbonigaba, dereva wa pikapu ya kubeba viazi vya Bugeshi, alikuja mbio na jiwe jeusi mkononi. Watu wengi wa kwetu huweka jiwe hilo nyumbani kwa ajili ya nyoka.

"Tuweke hii kwenye kidonda," Mbonigaba alisema. "Itavuta sumu yote. Tungoje tu. Iliponesha shemeji yangu."

Wakaliweka. Likanasa kwenye ngozi. Wote watatu wakashusha pumzi, wakangoja. Lakini mkono ulizidi kuvimba, na baada ya muda kope za Vestine zikaanza kushuka.

"Uko nasinzia?" Kadiri aliuliza.

"Hapana. Lakini niko naona Kadiri wawili."

Mbonigaba alilitazama jiwe, kisha akamtazama Vestine. Kwa hili namsifu: hakubishana na macho yake mwenyewe.

"Bon," alisema. "Jiwe imeshindwa. Twende hospitali."

Walimlaza Vestine juu ya magunia ya viazi, wakaondoka.

Hospitali walipokelewa na muuguzi aliyeitwa Uwingabire. Alikulia Tanzania, na alikuwa na mikono ya haraka na maneno ya taratibu. Kwanza alimvua Vestine pete, kabla kidole hakijavimba zaidi. Kisha akalibandua jiwe.

"Hili halivuti sumu," alisema. "Linanyonya damu kidogo tu kwenye ngozi. Sumu imeshaenda mbali. Mtu akiumwa na nyoka, msikate kidonda, msikinyonye, msifunge kamba. Mtulizeni, mkono usichezecheze, halafu mleteni hapa mara moja."

Daktari alimpima Vestine na kuagiza dawa. Uwingabire alirudi na chupa ndogo. Aliuliza kama Vestine ana pumu, kama kuna dawa au chakula kinachomdhuru, na kama aliwahi kupewa dawa hii zamani. Majibu yote yalikuwa hapana.

"Muganga," Kadiri aliuliza, maana kwetu hata muuguzi huitwa hivyo, "hii dawa iko ya majani gani?"

"Si ya majani. Inatoka kwa farasi."

Kadiri alidhani anataniwa.

"Kweli kabisa," Uwingabire alisema. "Wataalamu humpa farasi sumu ya nyoka, kidogo sana, isiyoweza kumwua. Mwili wake unajifunza kuipinga. Unatengeneza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinaitwa kingamwili. Wataalamu huchukua sehemu ya damu yake, wakazitoa hizo kingamwili na kuzisafisha. Wewe ni fundi. Kila kifungo kina tundu lake, sivyo? Na kila kingamwili ina sumu yake. Inaishika, na sumu iliyoshikwa haidhuru tena."

"Na farasi? Anakufa?"

"Hafi. Anaendelea kula majani yake."

Kadiri aliikodolea macho ile chupa. Hakuwahi kuona farasi hata mmoja. Na sasa mnyama wa nchi ya mbali, asiyeijua Gisenyi, alikuwa ameshajifunza namna ya kumpigania mkewe kabla hajaumwa!

"Mungu mukubwa," alinong'ona. "Donc, bibi yangu atatoka hapa anakimbia kama farasi?"

"Akitoka anatembea, mimi nitashukuru," Uwingabire alijibu, akicheka kidogo. "Siku hizi kule Ulaya wanatengeneza pia kingamwili katika maabara, za aina moja tu, kwa magonjwa mengine, hata aina fulani za saratani. Hizo nazo huingizwa polepole kwenye mshipa, kama hii. Na sharti lake ni hili hili."

Akamgeukia Vestine.

"Sharti ni kusema. Dawa hii ni kitu kigeni, na mwili wako unaweza kuikataa. Ukiwashwa, ukitetemeka, ukihisi kizunguzungu, koo likibana, pumzi ikiwa fupi, niambie papo hapo. Hata kama unaona ni jambo dogo. Umenielewa?"

"Ndiyo, Muganga."

Dawa ilichanganywa na maji ya dripu, ikaanza kushuka tone kwa tone. Uwingabire alikaa naye, akampima presha, kisha akaitwa kwenye kitanda cha jirani.

Kadiri alimwona mkewe akijisugua mgongo kwenye godoro. Shingoni palikuwa pametokeza vipele, kana kwamba amepita kwenye upupu.

"Iko nini?"

"Hakuna."

"Mama Diane!"

"Niko najikuna kidogo." Sauti ilikuwa imekwaruza. "Na koo inakaza. Usimwite muganga. Atatoa hii dawa, na mi nitakufa. Acha nivumilie."

Kwa Kinyarwanda tuna neno la kumwambia kila mwenye maumivu: ihangane, vumilia. Neno hilo lilikuwa kwenye ulimi wa Kadiri. Alitazama chupa, akatazama shingo. Dawa ikiondolewa, sumu itamchukua mkewe. Akinyamaza, je? Aliogopa kuita na aliogopa kukaa kimya.

"Muganga!" alipiga kelele. "Koo yake inafunga!"

Uwingabire alifika mara moja, akaufunga mrija. Daktari akaja, na Vestine akachomwa sindano pajani. Machozi yalimtoka.

"Umeniua," alimwambia mumewe.

"Amekuokoa," Uwingabire alisema. "Dawa haijaondoka, Mama Diane. Imesimama tu. Tunautuliza mwili kwanza, kisha tunaanza tena polepole zaidi. Ungenyamaza, koo lingeziba, na hapo hata kingamwili za farasi kumi zisingekufaa."

Ikawa kama alivyosema. Vipele vilishuka, sauti ikarudi, na matone yakaanza upya. Safari hii Vestine alisema kila kitu, hadi mguu uliokufa ganzi kwa kulaliwa. Uwingabire hakuchoka kumsikiliza.

Alasiri, Kadiri aliona jambo ambalo bado analisimulia kwa kila mteja anayekuja kupimwa suruali. Kope za Vestine zilianza kupanda. Hakuna aliyezigusa. Kwanza weupe mwembamba ulionekana, kisha kiini cha jicho, kisha macho yote mawili, yaliyo wazi na yanayomtazama yeye. Kadiri alilia mbele ya wodi nzima na hakuona aibu.

Vestine aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Uwingabire alimpa maagizo mawili. La kwanza, kila hospitali atakayokwenda maishani awaambie kwamba aliwahi kupewa dawa hii, na jinsi mwili ulivyoikataa. La pili, wiki moja au mbili zijazo, akipata homa, upele au maumivu ya viungo, asikae nyumbani.

Mbonigaba alilitupa jiwe lake. Sasa anawaambia madereva wenzake kwamba aliyeumwa na nyoka apelekwe moja kwa moja kwa daktari.

Wiki iliyofuata, Vestine aliamka magoti yakimwuma na mwili ukiwa na joto.

"Ihangane," mama mkwe wake alisema kwa upendo. "Itapita."

Vestine alimshukuru, akavaa viatu, akaenda hospitali. Uwingabire alikuwa akitandika kitanda.

"Muganga," Vestine alisema kutoka mlangoni, kwa sauti iliyosikika hadi nje, "leo mi nimekuja kulalamika!"