Matofali Chini ya Kitanda

Kila asubuhi Mama Chiriku alishusha mguu wa kulia kwanza. Alipapasa sakafuni kwa vidole mpaka akazipata kandambili, akazivaa taratibu asimwamshe mtu, kisha akatoka kuwasha jiko. Asubuhi hiyo vidole vyake havikugusa kandambili. Viligusa maji.

Alidhani ndoo imepinduka. Akashusha na mguu wa pili. Maji yalimfika vifundoni. Yalikuwa ya baridi na yalinuka choo. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mtoto analala chini, kwenye godoro.

"Baba Chiriku, amka. Mtoto."

Binti yao wa miaka mitano alikuwa amekaa katikati ya godoro lililolowa chapachapa. Magoti yake yalikuwa kifuani. Alikuwa anatetemeka. Mtoto huyu walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, lakini sasa alizungumza kwa sauti ndogo sana.

"Mama, nilidhani nimekojoa," alisema. "Niliogopa kuwaambia."

Baba yake alimnyanyua akamketisha juu ya meza ya cherehani. Alisimama tu, maji yakimzunguka miguuni, akitazama ukuta.

Walikuwa wameingia mji huu miezi mitatu iliyopita. Baba Chiriku alikuwa fundi rangi, na alikuwa amepata kazi kwenye majengo mapya. Mama Chiriku alishona nguo. Kwanza walifikia kwa kaka yake Mama Chiriku, mwenye vyumba viwili na watoto wanne. Walikaa siku arobaini. Kaka yake alikuwa mtu wa utani. Kila jioni alimuuliza Baba Chiriku, "Shemeji, siku ya tatu ilishapita, na jembe lako silioni. Umelificha wapi?" Watoto walicheka. Baba Chiriku naye alicheka, lakini kila siku alikula matonge machache kuliko jana.

Jumapili moja, saa sita mchana, alirudi akiwa ameongozana na dalali. Alikuwa amepata chumba. Dalali alisema, "Mtaa umetulia, mama. Hutasikia hata mbwa." Na kweli mtaa ulikuwa umetulia. Jua lilikuwa linawaka, barabara ilikuwa kavu, na karibu kila mlango wa pili ulikuwa na kufuli. Walilipa kodi ya miezi sita.

Kabla ya kuhamia, Baba Chiriku aliomba wiki moja. Kila jioni alikwenda peke yake kukwangua kuta, akapaka upya. Chini, mpaka usawa wa kiuno, alipaka rangi ya mafuta ya kijani. Aliirudia mara tatu. Mama Chiriku alipoiona alipitisha kiganja juu yake. Ilikuwa laini kama sahani.

"Wenzangu huletewa nguo," alimwambia mumewe, "mimi nimeletewa ukuta."

Mumewe alitabasamu kidogo, akainama kukusanya brashi zake.

Sasa ukuta ule mzuri ulikuwa umesimama ndani ya maji. Mchana yalipungua, yakaacha matope. Jirani wa mlango wa pili alikuwa anazoa ya kwake kwa sahani ya bati, bila haraka, kama mtu anayefagia uwanja.

"Poleni," alisema. "Leo ni kidogo. Hayajafika kitandani."

Mama Chiriku alichungulia chumbani kwa jirani. Kila mguu wa kitanda ulikuwa juu ya matofali manne. Gunia la mkaa lilining'inia kwenye msumari. Hata jiko lilikuwa juu ya meza.

Siku ya tatu Chiriku alianza kuhara. Siku ya nne alitapika kila alichopewa. Asubuhi ya siku ya tano mama mmoja mnene mwenye mwavuli na daftari kubwa alibisha hodi. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Watu walimwita Bibi Daftari, naye alikuwa amelizoea jina hilo kuliko lake.

Alichuchumaa, akaibana ngozi ya tumbo la mtoto kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama kidogo kabla ya kurudi.

"Macho yameingia ndani. Alikojoa lini?"

"Jana mchana," Mama Chiriku alijibu.

"Maji yanamwishia mwilini. Sikiliza, mwanangu. Mtoto akianza kuhara, hapo hapo mpe maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa, au yale ya pakiti ya zahanati. Akitapika, subiri kidogo, umpe tena kijiko kimoja kimoja. Lakini akifika hapa, kijiko peke yake hakitoshi. Twende sasa hivi."

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya daraja, na daraja lilikuwa limezama. Baba Chiriku alimbeba mwanawe mgongoni, wakazunguka kwa njia ya juu. Njiani Mama Chiriku aliuliza kila mara, "Anapumua?" Mumewe alijibu, "Anapumua." Walitembea karibu saa mbili.

Mtoto alitundikiwa dripu, akalala siku sita. Kwa siku tatu hakusema lolote. Mama Chiriku alikaa pembeni akitamani kusumbuliwa. Angetoa chochote aulizwe kwa nini mbuzi ana ndevu.

Bibi Daftari alikuja kuwajulia hali.

"Chumba chenu nakijua," alisema. "Walikaa watu kabla yenu. Walikuwa na mtoto wa mwaka mmoja. Msimu wa mvua uliopita nilimfuta kwenye daftari langu."

Baba Chiriku aliinuka, akatoka nje. Mama Chiriku alidhani ameshindwa kuvumilia uchungu.

"Mbona hakuna aliyetuambia?" aliuliza.

"Mlimuuliza nani?"

"Dalali. Alisema mtaa umetulia."

"Mtaa hutulia watu wakihama, mama. Dalali anakula mlango ukifunguliwa. Ukifungwa tena wewe ukiwa ndani, yeye hayupo."

"Sasa mgeni wa mji atajuaje?"

Bibi Daftari aliweka daftari chini. "Usiitazame nyumba wakati wa jua tu. Nenda mvua ikikatika, uone maji yanapokwenda. Nenda na asubuhi, uone foleni ya bombani. Ingia dukani, ununue hata kibiriti. Ukikuta sukari na unga vyote viko rafu za juu, jiulize kwa nini. Omba maji ya kunywa kwa mpangaji, uchungulie kitanda chake. Kikiwa juu ya matofali, hesabu matofali."

"Nitaonekana mmbeya."

"Uonekane. Umbeya huo hauui. Tazama choo kiko wapi na maji ya kunywa yako wapi. Halafu mbebe mtoto, utembee mpaka zahanati kwa miguu yako. Ukifika, utajua kama mtaa unakufaa. Na usitoe kodi kabla hujazungumza na wanaoishi humo."

Mtoto alipopata nafuu walirudi kwa kaka. Safari hii kaka hakutania. Alimtazama Chiriku, shingo yake ilivyokuwa nyembamba, akaenda kumtandikia kitanda chake mwenyewe.

Mama Chiriku alianza kutafuta. Mtaa wa kwanza ulikuwa na nyumba nzuri zenye vigae. Aliomba maji kwa mwanamke mmoja, akahesabu matofali matatu, akashukuru na kuondoka. Mtaa wa pili ulikuwa mkavu na bombani hapakuwa na foleni. Alimfunga mtoto mgongoni, akatembea mpaka zahanati. Alifika miguu ikiwaka moto, akakuta wameshafunga. Dalali wa huko alimwambia, "Mama, wewe unatafuta nyumba au unatafuta mchumba?"

"Mchumba ningemvumilia," alijibu.

Mtaa wa tatu ulikuwa mlimani. Ulikuwa na kelele za watoto, za redio, za mafundi seremala. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zake hazikupigwa hata lipu. Lakini vitanda vya wapangaji vilikaa sakafuni, na mzee wa chumba cha mwisho alikuwa ameishi pale miaka tisa. Mvua ilipokatika, Mama Chiriku alirudi kutazama. Maji yalikuwa yanateremka kwenye mfereji, yakipita mbali na mlango. Zahanati ilikuwa karibu kiasi kwamba alifika kabla mtoto hajamaliza kumhadithia ndoto yake.

Mumewe alipoulizwa maoni, alisema tu, "Uamuzi wako ndio wetu."

Walihamia. Mvua kubwa zilikuja mwezi uliofuata. Jumapili moja ilinyesha tangu asubuhi. Chiriku alikuwa amenenepa kidogo, na mdomo ulikuwa umemrudia. Aliongea mpaka akalala usingizi wa mchana, sentensi ikiwa nusu. Mama yake alikuwa anashona. Baba yake alikuwa amechuchumaa mlangoni. Kila baada ya muda alipapasa sakafu kwa kiganja.

"Utaichubua," Mama Chiriku alisema. "Ni kavu. Hata kule tulikotoka, wewe ungejuaje? Dalali alitudanganya wote."

Baba Chiriku hakugeuka.

"Usinitetee," alisema.

"Nakutetea nini?"

"Nilipokwangua zile kuta niliona mstari wa matope. Ulizunguka chumba chote, usawa wa goti."

Mama Chiriku alilisimamisha gurudumu la cherehani kwa mkono.

"Kodi ilikuwa imeshalipwa," mumewe aliendelea. "Kaka yako nilishamuaga. Nikaona nitarudi vipi pale niseme nimekosea." Alimtazama mtoto aliyelala, kisha akamtazama mkewe usoni. "Nilijua maji yanaingia, mama. Nilijua. Nikapaka rangi juu yake."