Kiondo Nilichosukiwa na Mbithe

Kile kiondo sikukisuka mimi. Nimelikana jambo hili mbele ya mume wangu, mbele ya watoto, na siku moja hata mbele ya akina mama wa kanisa nikiwa nimekumbatia Biblia. Leo nina miaka arobaini na sita, digrii yangu inaning'inia ukutani, na nasema wazi: sikukisuka. Hata uzi mmoja!

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoingia chuo cha ualimu huko Kitui. Baba yangu alikuwa mwalimu mkuu karibu na Tawa, na nyumbani kwetu viondo vilinunuliwa sokoni, kama sukari. Nilikuwa na Kiingereza kingi na woga mwingi zaidi. Nikiulizwa jina langu darasani, nilitokwa na jasho.

Chuoni kulikuwa na chama cha wasichana kilichoitwa Mwethya, kama vile vikundi vya akina mama wanaosaidiana kulima mashamba. Wanachama walikula meza moja na kutembea pamoja. Kwenye mijadala walisimama na kuwajibu wavulana mpaka wavulana wakakaa chini wenyewe. Niliwatamani... Nani asingewatamani?

Lakini mlango wa kuingilia ulikuwa mmoja. Msichana mpya alipewa muhula mzima asuke kiondo kwa mikono yake, kuanzia kitako hadi mdomo. Siku ya kupokelewa, kila dada alitia ndani konzi moja ya ndengu. Kikijaa, wewe ni wao. Wakikukataa, wanakipindua.

Sasa, kuanza kitako ndiyo kazi yenyewe. Nyuzi za mkonge unazishikilia mapajani, na zote zinataka kutoroka kwa pamoja. Nilijaribu wiki tatu. Nilichopata kilifanana na kiota cha ndege aliyelewa.

Mbithe alilala kitanda cha karibu na changu. Alikuwa msichana mpole kutoka Kalamba, aliyelelewa na nyanya yake. Aliponiona nalia juu ya ule mkonge, alicheka. "Haya, binti wa mwalimu, lete hapa. Nikuwekee kitako tu, kisha uendelee mwenyewe."

Akaniwekea kitako. Nikasema nitaendelea kesho... Kesho ikawa mwezi! Mwishowe alikimaliza chote, huku akisuka na chake kando.

Siku yenyewe ilipofika, mimi ndiye niliyetangulia. Ndengu zilimiminwa mpaka kikafurika. Walinipigia makofi, nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama fundi aliyezoea sifa.

Kisha akaja Mbithe. Konzi kadhaa zilikuwa zimeshaingia wakati mwenyekiti wetu, Kalondu, alipoinua kiondo chake akakitazama kwa chini. Akaagiza changu kiletwe. Vyote viwili vilikuwa na uzi mmoja mweusi uliozunguka kitako. Nyanya yake Mbithe ndiye aliyemfundisha hivyo, ili mtu aijue kazi yake popote aionapo. Mimi kiondo nilikuwa nacho wiki nzima, na sikuwahi hata kukigeuza!

"Hivi vimetoka mkono mmoja," Kalondu akasema. "Nani alimsukia mwenzake?"

Wasomaji wangu, Mbithe alinitazama tu, akiningoja. Alinipa nafasi ya kusema ukweli mwenyewe, bila aibu ya kusemewa.

Nikasema, "Mimi ndiye niliyemsukia."

Mimi, msichana niliyetokwa na jasho kwa kutaja jina langu, siku hiyo sauti yangu haikutetemeka hata kidogo!

"Mpeni mkonge," Mbithe akasema polepole. "Aanze kitako hapa hapa, nyinyi nyote mkiona."

Lakini Kalondu alicheka. "Binti wa mwalimu mkuu adanganye kwa sababu ya kiondo? Wewe wa Kalamba, hata aibu huna?"

Wakakipindua. Ndengu zikatapakaa sakafuni. Mbithe alipiga magoti akaziokota moja moja, kwa sababu kwao chakula hakiachwi chini. Mmoja akamwambia, "Usisahau zile za pembeni, dada wa kusukiwa." Walicheka. Na mimi nilicheka...

Jina hilo lilimfuata bwenini, jikoni, mpaka kwa walimu. Wakaanza kumchunguza katika kila mtihani, eti ni mwizi wa kazi za wenzake. Tulipofunga muhula alienda kwao, na hakurudi tena.

Je, Mwethya hakikunifaa? Kilinifaa sana, na hapo ndipo uchungu ulipo. Nilijifunza kusimama mbele ya watu. Nikawa katibu, nikawa mwenyekiti, nikaenda chuo kikuu. Nilikua, jamani, kwa mbolea ya mwenzangu!

Uongo nao ukakua. Kiondo kilitundikwa sebuleni. Binti yangu aliponiomba nimfundishe, nikasingizia ugonjwa wa viungo. Kwa miaka kumi na tano mume wangu, maskini, amenipaka dawa kwenye vidole vizima.

Halafu mwaka huu dada wa Mwethya wakaamua kukutana Kitui. Wakanipa heshima moja kubwa: nikiwa mstari wa mbele, niwaonyeshe wasichana wa sasa jinsi ya kuanza kiondo. Nikakosa usingizi. Nikaulizia Mbithe aliko, nikaambiwa yuko Tawa, anasuka na kufundisha wengine. Nikamwandikia barua ya kurasa nne. Niliandika kuhusu mvua, watoto, rehema za Mungu, na ile Jumamosi nitakayopewa mkonge Kitui. Mwishoni nikaweka namba ya simu ya ofisini, nikamwomba anipigie, kwamba tuna mambo ya zamani ya kuzungumza.

Nyinyi mlio vyuoni leo, ingieni kwenye vyama, mkue, mpendwe. Lakini msiingie kwa mlango ambao mwenzenu anatolewa. Ukishaingia hivyo, utakaa humo ndani maisha yako yote ukiuegemea mlango kwa mgongo ili usifunguke. Nawasihi! Mimi nimeuegemea, na mgongo umechoka.

Jumatano ofisi ikapigiwa simu. Sauti ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka.

"Ndunge? Ni Mbithe. Niko posta, na nyuma yangu kuna foleni. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimetafuta mahali umesema ulidanganya. Sijapaona."

Nikasema, "Mbithe, dada yangu, nilidhani tukianza kuongea kidogo kidogo, wewe ukianza..."

"Nianze mimi?" Akacheka, na kicheko chake hakikuwa na huruma hata chembe. "Ndunge, hata kutubu unataka nikuwekee kitako?"

Nikausukuma mlango wa ofisi ufungike.

"Jumamosi watakupa mkonge mbele ya watu wote," akasema. "Anza."

Simu ikakatwa.