Jiwe la Profesa Han

Jioni ile nilipanda mtaa wa Berea, hapa Durban, kumpelekea Profesa Han pazia nililomshonea. Alikuwa mzee wa Kikorea, anaandika vitabu juu ya miji ya kale ya kwao, ile iliyozungushiwa kuta. Jua lilikuwa linazama. Alifungua kabla sijabisha hodi.

"Ingia, Mama Libérate. Upesi."

Mezani alikuwa ametandaza ramani za miji hiyo, malango yamechorwa kwa wino mwekundu. Juu ya ramani kulikuwa na jiwe lenye maandishi ya kuchongwa.

"Kila kijiji kilijenga kipande chake cha ukuta," alisema kwa sauti ya chini, "kikachonga jina lake. Kipande chenye jiwe hili kilibomoka. Msimamizi alikuwa babu wa mababu zangu. Akawaadhibu wajenzi."

"Aliwafanya nini?"

"Aliwaziba ndani ya ukuta. Wakiwa hai."

Nikasikia harufu ya udongo mbichi... Haikutoka nje.

"Nilikwenda kupima magofu. Nikang'oa jiwe hili, nikaja nalo Durban. Wamenifuata." Akanisukumia kalamu na karatasi. "Andika jina lako hapo, chini ya jina la ukoo wangu. Wanataka mtu mmoja tu wa ukoo huu."

Ndipo nilipoelewa. Hakuhitaji pazia.

Tok.

Tok... tok.

Jiwe juu ya jiwe. Nikageuka. Mlango niliopitia ulikuwa umezibwa kwa mawe hadi kiunoni.

Profesa akanikamata mkono. "Andika."

Sauti ikaniuliza, karibu kabisa na sikio, kwa Kirundi cha kwetu Ngozi, Burundi:

"Wewe ni wa nani?"

"Binti wa Ndikumana," nilinong'ona. "Huyu si ndugu yangu."

Vidole vya Profesa vikabanduliwa mkononi mwangu, kimoja kimoja. Niliruka ule ukuta, nikaangukia koridoni. Nilipotazama nyuma, ukuta ulikuwa umefika juu, limebaki tundu la jiwe moja.

Ndani yake, jicho la Profesa.

Likazibwa.

Sikumhurumia. Mungu anisamehe.

Polisi walikuta mlango wa kawaida na chumba kitupu. Wakaandika kwamba mzee amepotea.

Jumapili iliyopita binti yake, aliyetoka Korea kumtafuta, alipata namba yangu, akanipigia simu akiwa humo nyumbani. Aliomba nije tusafishe nyumba. Nyuma ya sauti yake kulisikika mawe yakigongana.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Mafundi. Nimewakuta wanajenga."

"Nani aliwaita?"

Nikasikia akivuta kitasa cha mlango...

Akivuta tena.