Tairi la Nyuma Kushoto

Harufu ya mpira unaoungua ndiyo iliyowakutanisha. Watu walikuwa wakitoka kazini, taa za barabarani zimewaka nyekundu, na gari la kizamani la rangi ya maziwa likasimama karibu na fundi magari huku tairi lake la nyuma likifuka moshi. Ndani alikaa mshonaji aliyevaa gauni la njano, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Majora ya vitambaa yalijaa kiti cha nyuma.

"Dada, tairi lako linasaga bati," fundi alimwambia dirishani.

"Kwani wewe trafiki?"

"Mimi fundi. Egesha pale nikuangalizie."

Akachuchumaa. Upande wa kulia vidole vilipita vizuri kati ya tairi na bati. Kushoto hata ukucha haukupenya. Hapo alipaswa kusema gari lipelekwe gereji likafunguliwe. Lakini mwenye gauni la njano alikuwa anamtazama, naye akataka kuonekana bingwa.

"Hili limegongwa nyuma," akatamka. "Nani mwingine huliendesha?"

"Kaka yangu, Bonge." Mshonaji akapiga simu palepale. "Umeligonga gari la marehemu baba, halafu ukalirudisha kimyakimya? Usiniapie! Fundi mwenyewe amesema."

Bonge aliapa mpaka sauti ikamkauka. Dada yake akamkatia simu, na tangu hapo ndugu hao wa tumbo moja hawakusalimiana.

Mapenzi nayo hayakukawia. Gari likisubiri zamu yake gereji, mwenye gari alipita kila jioni eti kuliangalia, akimkuta fundi amejipulizia manukato juu ya grisi.

"Leo unanukia harusi," alimtania.

"Harusi ya nani, mpenzi?"

"Jifanye hujui."

Siku fundi alipolifungua gurudumu, aliliona kosa lake. Bolti ya katikati ya springi, ile inayoishika eksli ya magurudumu ya nyuma isihame, ilikuwa imeliwa na kutu ikakatika, na eksli nzima ikasogea kushoto. Ndiyo maana mzigo ukikaa nyuma bodi ilishuka na tairi likasaga. Akavuta uzi kutoka mbele hadi nyuma kupima chasisi, fremu ya chini ya gari. Imenyooka. Hakuna aliyegonga kitu.

Akairudisha eksli mahali pake, akafunga bolti mpya, akanyamaza. Kila mara mpenzi wake alipompigia simu kumsifu kwa kazi nzuri, alibadilisha mazungumzo upesi.

"Mama amekubali uje kujitambulisha," mshonaji alimwambia kwa simu siku moja. "Nitavaa lile la njano."

"Na Bonge?"

"Mwongo yule? Asikanyage. Mama analia, lakini sibadilishi neno."

"Njoo gereji," fundi alisema.

Alimwekea bolti iliyokatika kiganjani, akasema yote bila kujitetea. "Kaka yako hakugonga chochote. Siku ile sikufungua hata nati moja, nilitaka tu unione najua. Na nilipojua ukweli, nikauficha nisije nikakukosa."

"Aliniapia kwa kaburi la baba," mshonaji alisema polepole. "Nikamkatia simu, kwa neno lako." Akachukua funguo za gari, akaondoka bila kuaga.

Fundi alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena, mwisho akaona haya hata kupiga. Alistahili, na alijua.

Mchana mmoja gari la rangi ya maziwa likaingia gereji taratibu, limelala nyuma. Bonge alikuwa amekijaza kiti cha nyuma, magoti yamekaribia kidevu.

"Tumepita kila shimo la mji huu," mshonaji alisema. Hakutabasamu. "Halisagi."

Fundi akainama dirishani, macho chini. "Kaka, nisamehe. Nilikusingizia."

Bonge alimnyooshea kidole. "Siku nyingine, shemeji, fungua kwanza ndipo useme."

Kusikia neno hilo, fundi alishindwa kuyazuia machozi.

"Mimi bado nina hasira," mshonaji alisema.

"Nitasubiri."

"Subiri ukiwa umekaa. Ingia huko nyuma na kaka yako, mama anatungoja."

Fundi akajibana kando ya Bonge, na gari likashuka zaidi. Njia nzima alitega sikio upande wa kushoto, wala hakuthubutu kusema lolote.