Saa ya Mvuke na Fundi Spika

Mtaa mzima hakuna anayejua saa kama mimi. Ya ukutani kwangu ilisimama tangu marehemu mume wangu akiwa na meno yote, lakini hayo tuyaache. Sikilizeni ya binti wa maabara.

Walikutana uchochoro wa maduka ya redio, watu wakikanyagana. Binti, kilemba cha rangi ya machungwa, alikuwa akichagua waya. Kijana fundi spika akamgonga kwa spika aliyobeba begani.

"Samahani, mrembo. Umeumia?"

"Bega limeumia. Moyo bado."

"Basi nirudie."

Wakapendana. Kazi ya binti ilikuwa kulea saa isiyo na mishale: kichupa cha kioo chenye mvuke wa madini, kinapashwa moto na kumulikwa taa. Mtetemo wa mvuke huo ndio unaopima muda. Ukiyumba hata chembe, mitambo ya simu inavurugika. Sasa saa ilikuwa kwenye majaribio, na kila alasiri ikawa inayumba. Joto sawa, umeme sawa, inayumba tu!

"Binti yangu," bosi akamwambia, "ikiyumba tena, kazi huna."

Bosi hajatoka hata mlangoni, mstari wa saa kwenye skrini ukajikunja. Papo hapo dirisha likagongwa: fundi, kaja kumsalimia kama kila alasiri, shati limenyooka pasi, meno yote nje, spika begani. Binti akashtuka. Sumaku! Spika ina sumaku pana kama sahani, na mvuke ule ukikaribiwa na sumaku hushikwa kiwewe.

"Ondoka!" akafoka. "Usikanyage tena hapa!"

Meno yakafichwa. Kijana akaenda zake bila kugeuka. Na binti angeeleza nini, bosi amemkodolea macho? Kwamba mharibifu wa saa ni mchumba wake?

Akapiga simu, haikupokelewa. Kesho yake, vilevile. Saa ikatulia kama maji mtungini. Aliyeyumba sasa ni binti, hali wala halali.

Majaribio yakafaulu. Bosi akampa mkono, akatoka. Binti akapiga tena, na safari hii ikapokelewa.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Usijisumbue, dada. Nimeshakusahau. Nimehamia mji mwingine, nina mwenzangu."

Machozi yakamlenga binti. Akainua macho kwenye skrini: mstari ulikuwa unajikunja.

"Mji mwingine?" akauliza polepole.

"Mbali! Hata basi halifiki."

"Haya. Mwambie huyo mwenzako akusaidie kuondoa spika chini ya dirisha langu, halafu uingie ndani mikono mitupu."