Ile ya Koboko

Soko la Arua lilikuwa limefurika pale kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi alipotua gunia lake karibu kabisa na nyanya za Mariam Poni.

“Bwana, unauza mawe kwa soko?” Poni akauliza, akimpandisha vizuri mgongoni bintiye, Zam.

“Ni ya wanafunzi. Nafundisha mainjinia, wenye digrii tayari, namna mwamba inabeba uzito na namna inapasuka.”

“Wako na digrii na bado wanasoma mawe?” Akacheka. Yeye alikulia Koboko akiponda kokoto na mama yake. Akaokota jiwe moja, akaligonga kwa jingine: likalia kama kengele. La tatu likatoa sauti butu. “Hii iko bubu. Iko na ufa ndani.”

Kijana huyo, Mwalimu Yasiri, aliligeuza, hakuona kitu. Lakini jioni, kwenye mashine ya chuo ya kupimia mawe, ndilo lililopasuka kwanza. Kesho yake akarudi sokoni kununua nyanya asizozihitaji.

Nyanya zikazaa simu. “Injinia wangu wa kokoto, umekula?” aliuliza Yasiri. “Wewe mwalimu wa mawe, umeamka kweli?” Poni akaanza kuvaa kitenge chake cha Idi siku za kazi. Ila hofu moja haikumtoka: baba Zam alimwacha, na tangu hapo watu walimtazama kama chungu kilichopasuka. Je, na huyu?

Alhamisi moja alimpelekea chuoni ugali wa muhogo na samaki. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Yasiri alikuwa kwenye simu.

“Onzima, ile ya Koboko nimeacha. Iko mzuri kwa macho, lakini iko na ufa. Huwezi jenga juu yake.”

Poni aliweka bakuli mlangoni, polepole, lisilie. Siku hiyohiyo akarudi kwa mama yake, Koboko. Simu iliita wiki mbili, hakupokea.

Wiki ya tatu Yasiri akatokea mwenyewe, viatu vimejaa vumbi jekundu, akamkuta na nyundo mkononi.

“Poni, nimekosa nini?”

“‘Ile ya Koboko iko na ufa.’ Nilisikia na masikio yangu!”

Yasiri akashika kichwa. “Mama Zam, ile ni jiwe! Jiwe ya daraja yenye mwanafunzi wangu Onzima anajenga!”

“Si ungesema ‘lina ufa’, kama kwa vitabu?”

“Huku kwetu nani anasema ‘lina’? Mutu iko, jiwe iko, sufuria iko. Wewe mwenyewe ulisema hivyo sokoni!”

Kicheko kikamponyoka Poni, kisha kikafa. Akauliza lile lililomnyima usingizi. “Na mimi? Watu wanasema mimi pia niko na ufa. Iko analala pale kwa mkeka.”

Yasiri alimtazama Zam, mdomo wazi usingizini.

“Huyu si ufa,” alisema. “Ufa ni pale mutu alikuacha. Jiwe moja unaweza acha, lakini mlima bila ufa hakuna, Poni. Hiyo nafundisha siku ya kwanza. Injinia hakimbii. Anakaa, anajua ufa inaenda wapi, ndiyo anajenga. Mimi pia niko na zangu. Gonga, usikie.”

Poni akaweka nyundo chini. Akamgonga kifuani kwa kidole, akatega sikio kama alivyofunzwa utotoni. Akasikiliza muda mrefu kuliko jiwe linavyohitaji.

“Mama iko ndani,” akasema, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. “Nenda umwambie wazee wako wanakuja lini. Lakini taja jina yangu yote, Mariam Poni. Usiseme unataka ile ya Koboko.”