Malkia wa Kikundi cha Alhamisi

Mtaa wa maseremala haujui kunong'ona. Misumeno inalia tangu asubuhi, harufu ya vanishi inakupanda puani, na wapagazi wanapita na makabati kichwani wakipiga miluzi ili upishe njia. Katikati ya zogo hilo, Jumatatu moja, mwanamke aliyevaa gauni la bluu na raba nyeupe alikuwa anakalia viti. Alikaa cha kwanza, akafumba macho, akakipapasa mikono na miguu, akainuka. Akakaa cha pili. Alipofika cha tisa, mafundi wa karakana za jirani walikuwa wameacha kazi wanamtazama yeye.

Mwenye viti alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minne, mrefu, shati la drafti limekunjwa mikono hadi kwenye viwiko, vumbi la mbao limetua kwenye nyusi. Alimwacha aendelee mpaka cha kumi na moja.

"Dada, hapa tunauza viti," alisema. "Usingizi unauzwa duka la magodoro, lile pale."

"Nanunua kwa ajili ya watu wasioona vizuri," alijibu yule mwanamke, macho bado kayafumba. "Hiki miguu yake imetoka nje. Mtu atajikwaa."

"Na kile cha kwanza?"

"Cha kwanza ndicho kizuri."

"Sasa vile kumi vingine ulivikalia vya nini?"

"Nisije nikakijutia."

Fundi akacheka mpaka akashika meza. Mwanamke akafumbua macho, akajieleza. Alikuwa mshauri katika kliniki ya macho, na kila Alhamisi aliongoza kikundi cha watu ambao macho yao yanawaaga kidogo kidogo. Alitaka viti kumi na viwili, vyenye mikono ya kushikia, vyote kimo kimoja. Fundi akasema atamtengenezea yeye kiongozi kimoja kikubwa zaidi, chenye mgongo wa heshima. Mshauri akakataa. Kwenye duara lake, alisema, anakaa jaji mstaafu na anakaa dereva wa lori. Mmoja akimzidi mwenzake hata kimo cha kidole, aliye juu ataanza kushauri na aliye chini ataanza kuitikia ndiyo mzee, na siku imekwisha hapo.

Fundi alikuwa ametengeneza viti miaka kumi na mitano na hakuwahi kusikia kiti kikizungumzwa namna ile. Alivutiwa na maneno. Tuseme ukweli, alivutiwa na mwenye maneno. Viti alivipeleka mwenyewe, kwa mkokoteni, ingawa karakana ina gari, ili safari iwe ndefu. Kesho yake akapiga simu.

"Mkaguzi, kuna kiti kinacholalamika?"

"Viti havilalamiki, Fundi. Anayelalamika ni wewe."

"Basi njoo unikague na mimi."

Alikwenda. Baada ya hapo simu za mchana zikawa desturi, na jina la Mkaguzi likamganda Mshauri kinywani mwa Fundi. Jumapili walitembea, Mshauri kwa magauni yake ya rangi moja moja, Fundi kwa shati lililopigwa pasi na mama yake mpaka likasimama. Watu wazima hao, hawakuona haya kushikana mikono barabarani.

Sasa tuingie kikundini, maana mambo yaliharibikia huko.

Mlangoni kila mtu aliacha cheo chake na jina lake, akachagua jina la utani. Jaji alijiita Kimya, naye ndiye aliyeongea kuliko wote. Dereva wa lori alikuwa Gia Tano. Binti wa saluni, aliyepamba maharusi mpaka mkono wake ukaanza kupotea njia, alikuwa Poda. Walifungua kwa dakika moja ya ukimya, kila mtu akaomba kwa dini yake au akatulia tu, na mtu hakushauriwa mpaka aombe ushauri mwenyewe. Kanuni ya mwisho ilikuwa nzito kuliko zote: ya kikundini yanabaki kikundini.

Miezi miwili baada ya viti kufika, alijiunga mama wa miaka sitini, mshonaji wa nguo, kilemba na gauni kitambaa kimoja, pochi kwapani. Presha ya macho ilikuwa imeshamla jicho moja na inaendelea na la pili. Akachagua jina la Malkia, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini.

Alhamisi moja walikuwa wanazungumzia nani amewaambia watu wa nyumbani. Zamu ya Malkia ilipofika, alinyoosha gauni magotini.

"Mimi sijasema. Nina mwanangu wa pekee, fundi wa viti. Amempata binti, eti alikalia viti kumi na moja, akanunua cha kwanza." Watu wakacheka. "Nikimwambia macho yanakwenda, ataacha mipango yake yote, akae nyumbani kunishika mkono. Namjua. Kwa hiyo kimya."

Mshauri hakucheka. Aliomba zamu iendelee.

Watu walipotoka alimbakiza Malkia, akamwambia ukweli: binti wa viti ni yeye, na kanuni haimruhusu kumwongoza mtu wa karibu. Kuna mwenzake anaongoza kikundi cha Jumatano, atamhamishia huko.

"Najua ni wewe," alisema Malkia. "Mwanangu akipokea simu anaweka spika, nyumba nzima inasikia. Mtu anayekimbiwa na macho hasahau sauti. Lakini sihami. Nimeshaizoea sauti yako, na umri huu kujifunza sauti nyingine ni kazi."

Hapo ndipo Mshauri alipokosea. Alipaswa kumhamisha siku ileile, apende asipende. Lakini alikuwa anampenda yule mama, na alikuwa anampenda mwana, akajidanganya kwamba mtu ambaye hajaposwa bado si ndugu wa mtu. Aliloliweza alilifanya: kila Alhamisi alimsihi Malkia amwambie mwanawe. Malkia alijibu kwamba siku yake ikifika atasema.

Upande wa pili, Fundi alitaka kumpeleka mchumba nyumbani. Wiki ya kwanza Mshauri akasema ana ripoti. Ya pili, mafua. Ya tatu, semina. Kufunga mdomo aliweza, lakini kukaa sebuleni mwa Malkia na kujifanya ndiyo kwanza wanaonana, huku Fundi anamwangalia usoni, hilo alilishindwa. Fundi yeye aliona jambo moja tu: mwanamke msomi hataki kumwamkia mama yake mshonaji.

"Ni cherehani ya mama inayokukera?" alimuuliza.

"Sivyo kabisa."

"Basi ni nini?"

"Nipe muda, mpenzi."

Akampa muda, kwa moyo wenye mchanga.

Kisha pasi ikafanya yake. Malkia alikuwa ananyoosha gauni la mteja, akaweka kiganja pale alipodhani pana kitambaa. Fundi alitoka karakana mbio, akamfunga mkono, na ndipo akaona: mama yake alikuwa anazungumza na pazia akidhani ni yeye. Akampeleka kliniki ileile aliyopeleka viti. Msajili, kwa wema wake na kwa kutofikiri, akamchangamkia mgonjwa.

"Karibu mama yetu wa Alhamisi."

Fundi alimwacha mama kwenye foleni, akatoka nje, akapiga simu.

"Mama yangu yuko kwenye kikundi chako?"

Mshauri alikuwa ofisini na kikombe cha chai mkononi. Akakiweka chini. "Ya kikundini siwezi kuyazungumza, Fundi."

"Sikuulizi ya kikundini. Nakuuliza mama yangu."

"Na mimi nakujibu hivyohivyo."

"Ameungua mkono. Naishi naye nyumba moja, sijui kama haoni. Wewe unajua. Tumekaa bustanini, tumekula, tumecheka, na wewe unajua."

"Mkono umeungua sana?" aliuliza Mshauri.

"Usiniulize. Ya nyumbani siwezi kuyazungumza," alisema Fundi, akakata simu.

Wiki tatu simu ya mchana haikulia. Mshauri alikuwa na namba, alikuwa na vidole, na alikuwa na sentensi moja ambayo ingemrudisha yule mwanamume siku ileile: mama yako alinikataza. Hakuisema. Sentensi ile haikuwa yake. Alilia, tena sana, akiwa anaosha vyombo, kisha akavaa gauni la manjano na kwenda kazini, maana watu kumi na mmoja walikuwa wanamsubiri.

Alhamisi hiyo Kimya alianza kumhukumu Gia Tano kwa kuendelea kuendesha lori hali jicho moja limezima. Gia Tano akasimama, akasema yeye hana pensheni ya serikali ya kumlisha. Sauti zikapanda. Mshauri hakupandisha yake. Alimwomba Kimya awaambie siku aliyosoma hukumu yake ya mwisho, na mzee, baada ya kusitasita, akasema aliisoma kwa kukariri, karatasi mkononi kama pambo, kwa sababu herufi zilikuwa zimeshakuwa ukungu. Aliendelea hivyo mwaka mzima. Gia Tano akaketi taratibu. Akasema basi wao ni madereva wawili. Kabla ya kuondoka alimpa Mshauri leseni yake amtunzie, na Kimya akajitolea kumwandikia barua ya kuomba kazi ya ghalani, alimradi Poda aishike kalamu.

Malkia, mkono umefungwa bendeji, alisikiliza yote hayo. Mwishoni akauliza kwa nini sauti ya kiongozi wao leo ina mafua.

"Leo si zamu yangu, Malkia," alisema Mshauri.

"Ina mafua ya wiki tatu," alisema Poda polepole.

Malkia aliliwaza jambo hilo siku tano. Jumanne akamkuta mwanawe nyumbani anakula amesimama, kama alivyozoea tangu ugomvi. Akamwambia akae. Akamweleza habari za macho kuanzia mwanzo, hospitali, dawa, woga wake. Kisha akamweleza habari za yule binti: jinsi alivyotaka kumhamisha, jinsi alivyomsihi kila wiki aseme.

"Sasa kwa nini hakuniambia hata nilipomuuliza?" alisema Fundi.

"Kwa sababu siri ilikuwa yangu. Nilimbebesha, akabeba. Wewe ukamwacha, hakuitua. Unataka mke gani wewe, redio?"

"Mama, umeungua."

"Mkono wangu, pasi yangu, na aliyenyamaza ni mimi. Ugomvi wako uko hapa. Anza."

 Fundi alimshika mama yake ule mkono mzima, akalia mbele yake kwa mara ya kwanza tangu avue kaptula za shule. Malkia alimwacha alie, kisha akamwambia chakula kinapoa.

Alhamisi iliyofuata kiti cha Malkia kilikuwa kitupu, na Mshauri aliongoza kikao roho juu. Mchana, watu walipotawanyika, alitoka ukumbini akamkuta Fundi kwenye korido, shati jeupe, nyusi zimefutwa vumbi hata utadhani si zake. Wagonjwa walikuwa wanapita na karatasi zao huku na huku.

"Mkono wa mama unapona," alisema Fundi kwanza. "Uliniuliza, nikakujibu kwa jeuri."

"Nashukuru kwa kunijibu leo."

"Nilikukosea, Mkaguzi. Nilidhani umenificha habari za mama yangu kwa kutonijali."

Mshauri alimtazama. Alikuwa amemkosa mpaka vidole vilimuuma, lakini hakumsogelea.

"Sikiliza, Fundi. Nilikosea kitu kimoja, na hicho nitakitengeneza mwenyewe. Lakini kunyamaza sikukosea. Kesho kutwa itakuwa siri ya jirani yako, au ya rafiki yako wa karakana, na nitanyamaza tena, hata uninunie mwaka. Kama unanitaka, nichukue na mdomo huuhuu."

"Ndiyo maana nimekuja. Nataka kukuoa."

Nesi mmoja aliyekuwa anapita na sinia la vyombo akasimama wima. Mshauri hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema asubiri dakika kumi, akaondoka kwa haraka, akamwacha Fundi na nesi wakiangaliana.

Alikwenda moja kwa moja kwa mwenzake wa Jumatano, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo. Akamweleza kosa lake bila kulipamba: ana mwanakikundi ambaye alipaswa kumhamisha miezi mingi iliyopita, hawezi tena kumwongoza, na kwa heshima yote anaomba ampokee, maana kuna jambo analotaka kulijibu na hawezi kulijibu kabla ya hili.

"Jina lake la kikundini?"

"Malkia."

Yule mama akavuta daftari, akashusha miwani. "Huyu yuko kwangu tangu jana. Alikuja mwenyewe, amevaa utadhani anakwenda harusini. Nilimuuliza sababu ya kuhama ili niandike."

Akamgeuzia daftari asome. Mbele ya jina paliandikwa: sababu za kifamilia. Tarehe ilikuwa ya Jumatano, siku moja kabla Fundi hajatamka neno la kuoa kwa mtu yeyote.

Mshauri alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamkumbatia mwenzake na miwani yake, akarudi koridoni. Fundi alikuwa palepale, jasho limeanza kuloanisha shati, na nesi alikuwa bado hajaenda kokote.

"Ndiyo," alisema Mshauri. "Nioe."

Alimshika mikono yote miwili, na nesi akaweka sinia chini apate kupiga makofi. Fundi alipopata pumzi aliuliza alikwenda kufanya nini huko ndani, na mbona anacheka hivyo.

"Ya kikundini, mume wangu."

Fundi akalichukua begi la Mshauri, akalitia begani, akampa mkono, wakaanza kwenda kumwamkia mama.